Uzi wa Damu ya Mzee

Irine, mke wa Anderson, hajawahi kufuma hata kitambaa cha kufunikia jagi. Nalisema hili mwanzo ili mtu asije akadhani tuligombania uzi kama mafundi wawili.

Mimi nafuma. Shule sikwenda, walipelekwa kaka zangu, nikabaki na mbuzi na kulabu aliyonipa shangazi. Sifumi kwa kuuza. Nafuma kwa sababu nikiwa na kulabu mkononi sisikii maneno ya watu, na mimi nimesemwa sana, tangu mume wangu ateremke Makanya kwenye machimbo ya jasi akaoa huko huko bila kunitumia hata salamu.

Agatha, mwanangu wa pekee, alipochumbiwa, nilianza kitambaa cha meza ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Maua mia na ishirini, unafuma moja moja kisha unayaunganisha. Rangi ni damu ya mzee. Anayefuma anajua taabu ya rangi hiyo: mzigo mmoja una wekundu, mwingine umekolea kama kahawa, ukichanganya kitambaa kinaonekana kina viraka. Tena uzi mzuri wa namna ile umeadimika. Jabiri, mwenye duka pale sokoni Same, alinipigia simu kila ulipoingia.

Nilikuwa nimebakiza maua kumi na moja uzi ulipoisha. Jabiri akapiga: "Mama Agatha, rangi yako imekuja, boksi moja tu. Wahi."

Siku hiyo mguu ulikuwa umenivimba. Irine, tunayeimba naye kwaya, alikuwa anateremka Same. Nikampa fedha ya madonge matatu, elfu mbili na mia tano kila donge, nikamfunga kipande cha uzi kidoleni, kama tunavyofanya siku zote, ili Jabiri alinganishe rangi.

"Uzi tu huo, dada," akasema. "Si ng'ombe. Nitauleta."

Jioni akarudi mikono mitupu. "Umeisha, dada. Nimekuta watu wa Mwanga wamebeba wote." Akanirudishia fedha yangu, na pole juu.

Siku ya tatu Agatha akanionyesha simu. Kusoma siwezi, ila macho ninayo. Niliona boksi zima la uzi limepangwa juu ya kochi la Irine. Agatha akanisomea: uzi adimu, elfu tisa kwa donge, wahi. Kipande changu ndicho alichochagulia.

Nilimfuata. Nikamkuta anapepeta maharage.

"Irine, huu ndio ulioisha?"

"Uliisha dukani. Huku kwangu upo." Akacheka. "Kwako elfu nane, kwa kuwa ni wewe."

"Mimi nilikutuma!"

"Na fedha yako nilikurudishia, dada. Sasa nimekuibia nini?"

Swali hilo ndilo liliniuma kuliko bei. Nilimpigia Jabiri, akasema mzigo mwingine hajui, pengine mwezi ujao. Sendofu ilikuwa imebaki majuma mawili.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Watu walileta ndizi, maharage, kuku. Irine alileta donge moja la uzi, akaliweka juu kabisa ya kikapu cha viazi ili kila mtu alione.

Baada ya ibada ukaanza mnada. Kwetu sadaka hainunuliwi kwa bei ya sokoni, inapandishwa. Na anayeshinda hupigiwa kelele, "Irudi!", naye huirudisha mezani iuzwe tena. Jogoo mmoja huweza kununuliwa mara nne bila kutoka pale kibarazani.

Mzee Nathanaeli, mwenye kunadi, akanyanyua donge. "Uzi huu unatafutwa mpaka Gonja! Nani anaanza?"

"Kumi!" Alikuwa Anderson.

Nikaelewa. Alitaka bei itajwe mbele ya kanisa, ili kesho mkewe aseme, mbona hata madhabahuni ulipita elfu kumi?

"Kumi na mbili," nikasema.

"Kumi na tano."

"Ishirini."

"Ishirini na mbili, mama yangu," Anderson akasema, akitabasamu.

"Ishirini na tano."

Ilikuwa fedha ya mchele wa sendofu. Mzee Nathanaeli akanikabidhi donge. Watu wakaanza kupiga makofi: "Irudi! Irudi!"

"Hairudi."

Wakacheka, wakidhani natania. Mzee Nathanaeli akanyoosha mkono. "Mama Agatha, lete, Bwana atakubariki."

"Shikamoo mzee, lakini hairudi. Mwulize Irine nani alimwonyesha rangi hii."

Irine akashika kiuno. "Jamani, mpaka sadaka ananigombeza nayo! Na kwa fedha hiyo angepata matatu kwangu, na chenji."

Walioguna walinigunia mimi. Wenzangu wa kwaya walitazama chini. Wawili walikuwa wameshanunua kwake. Hesabu yake naijua. Nilijua hata nilipokuwa natamka ishirini na tano. Lakini fedha ile iliingia kanisani. Kwake haikuingia hata senti.

Donge moja linatoa maua manne. Kitambaa kikaenda kwenye sendofu kona moja haina maua saba. Nikaitandika kona hiyo upande wa ukutani.

"Si ungenunua tu ukanyamaza, mama?" Agatha alinong'ona, machozi yakimlenga. "Ukweni wataona."

Hata mwanangu. Nikashika meza, nikaigeuza, kona ile ikatazama wageni. Mama mkwe akaja, akaigusa. "Mbona hapa hapajaisha, mwenzangu?"

Kwaya ilikuwa imejipanga kuimba, Irine akiwa mbele. Nikamjibu mama mkwe kwa sauti ya kufika mlangoni, nikamtaja Irine kwa jina, nikamtaja na mumewe, na bei, na kile kipande cha uzi nilichomfunga kidoleni kwa mkono wangu. Mpiga kinanda alikwisha kuanza, akaacha.