Mguu wa Kukanyaga Breki

Mtaa mzima ulimwita Taratibu. Aliendesha basi miaka nenda rudi bila kumwagia abiria hata tone la chai, ndiyo maana watu walicheka hadi wakashika mbavu alipostaafu akanunua gari la michezo, kuukuu, la viti viwili, lisiloshika breki za nyuma. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Viti viwili! Na wajukuu utawabeba kichwani?"

Mkewe akafariki gari likiwa bado juu ya mawe. Mazishi yakaisha, ndugu wakatawanyika, nyumba ikawa kimya hata friji ikasikika inavyonguruma. Taratibu akahamishia maisha yake gereji, nyuma ya nyumba.

Alianza na gurudumu la kushoto. Drami, lile bakuli la chuma linalofunika breki, ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu. Akaipulizia mafuta, akaigonga kwa nyundo ya mpira huku na huku, akiibembeleza kama mtoto aliyenuna, mpaka ikachomoka. Lile vumbi jeusi la ndani akalipangusa kwa kitambaa kibichi, asije akalivuta puani. Viatu vya breki vilikuwa vimelika hadi chuma, na silinda ndogo inayovisukuma ilivuja. Akafunga vipya. Springi moja ikamponyoka, ikarukia chini ya kabati. Akacheka, halafu akainama haraka kuitafuta. Kicheko cha mtu mmoja kilisikika vibaya mle ndani.

Gurudumu la kulia nalo likaisha. Ikabaki kutoa upepo kwenye mipira ya mafuta ya breki, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine amelala chini anafungua skrubu ili upepo utoke. Kwenye gari lao la zamani, mkanyagaji alikuwa mkewe. Taratibu alijaribu kukaza pedali kwa mpini wa fagio. Ukateleza, upepo ukaingia upya. Akampigia bintiye.

"Baba, si utafute fundi?"

"Fundi wa nini, mwanangu? Nataka mguu tu."

"Niko kazini, baba. Nitakupigia jioni."

Akajikaza, akaenda kubisha kwa jirani, mshonaji ambaye walizoea kusalimiana juu ya ukuta tu. Mama huyo akaja na tepu yake shingoni, akaketi nyuma ya usukani.

"Kanyaga, mama. Shikilia... usiachie!"

"Nimeshikilia. Mguu unatetemeka, lakini nimeshikilia!"

Viputo vikatoka, vikapungua, vikaisha. Pedali ikawa ngumu.

"Haya, limepona," akasema jirani akishuka. "Sasa unakwenda nalo wapi?"

Taratibu akainama kukusanya spana. Jirani alikuwa na gauni la mteja mezani, akaaga.

Taratibu akazunguka nalo mtaa mara moja. Breki zilishika vizuri, bila kuvuta upande. Watu wakampungia mkono, naye akawapungia, akarudi.

Jioni bintiye akapiga. "Umemaliza?"

"Bado. Zimebaki za mbele," akajibu, jeki mkononi.

Za mbele hazikuwa na kasoro yoyote.