Ingia na Viatu Vyako

Bodaboda iliacha lami baada ya Mtambile, ikapita kando ya majamvi ya karafuu zilizoanikwa, na mwisho wa njia ya udongo mwekundu ikamshusha mgeni mbele ya kituo cha afya, katika kijiji asichokijua. Mgeni huyo alikuwa ametembea nchi nyingi, na mlango wa watu alijua unavyoingiwa. Akainama avue viatu.

"Ingia navyo!" benchi zima la wagonjwa likamkemea.

Akabaki ameinama. Kote alikopita kisiwani, nyumbani na hata dukani, alivua.

"Hapa hatuvui," mzee mmoja akamwambia. "Ndivyo alivyotuzoesha Bi Mardhiya. Kaa, utamwona. Leo ndiyo anaondoka."

Kijiji chenyewe hakitajwi hapa, na Hafidh atakayesimuliwa haitwi Hafidh. Ameridhia kisa chake kielezwe kwa sharti hilo.

Mardhiya alizaliwa Mtambile, mtoto wa mchumaji karafuu. Mama yake hakupitwa na mgonjwa: akisikia fulani kalala, atapika uji na kwenda kumtazama, na Mardhiya mdogo nyuma yake kabeba bakuli lililofunikwa kawa. Akakua akiamini kwamba Pemba mtu haugui peke yake, na imani hiyo hakuitupa hata alipokwenda kusomea uuguzi Unguja, ambako wenzake walimcheka kwa lafudhi yake tangu alipofungua mdomo. Alirudi na cheti, na lafudhi ile ile.

Kituo alichopangiwa kilikuwa na siku zake. Jumatatu wajawazito, Jumatano watoto, na Jumanne, kwa mlango wa pembeni, watu wanaotumia dawa za virusi vya Ukimwi. Nia ilikuwa njema, wawe na faragha yao. Mafaili yao yalifungiwa kabatini kwa kufuli. Lakini mlango ule wa pembeni ulitazama njia, na nje ya mlango, kama ilivyo adabu, watu walipanga viatu vyao. Kijijini kiatu cha mtu hujulikana kama sura yake.

Ng'ambo ya njia aliuza mikate ya kumimina Bi Siti, mwanamke mkarimu mwenye macho makali. Hakuwa na chuki na mtu. Akiona makubadhi ya jirani mlango ule, jioni yake atakwenda kumtazama na mkate, na njiani atawaambia wengine nao waende. Mwanamke mmoja alitazamwa hivyo mpaka akahama kijiji.

Hafidh alikuwa mvuvi wa miguu mikubwa. Ndara zake alikuwa amezishona kwa uzi wa mshipi, na alikuwa akiingia nazo kwapani, chini ya koti. Jumanne moja ya masika alifika katapakaa tope. Asya, msafishaji wa kituo, akamzuia. "Hivyo navyo vinaingia wapi? Acha nje!"

Akaacha. Alikuwa ndani akihesabiwa vidonge aliposikia sauti ya Bi Siti nje, "Enhe, hizi ndara kubwa hizi, zilizoshonwa, za nani vile?"

Hafidh hakungoja dawa. Aliruka dirisha la nyuma akaenda zake pekupeku.

Mardhiya akatoka. Bi Siti alikuwa ameshaanza kuinama. Mardhiya akatia miguu yake midogo ndani ya zile ndara, akasimama.

"Zako?" Bi Siti akashangaa. "Mguu umekua lini, mwanangu?"

"Leo n'nazivaa mie, Bi Siti."

Akaenda nazo hadi kwake, zikipiga pwata pwata, watoto wakimfuata kwa vicheko. Siri ya Hafidh ilipona siku ile. Hafidh mwenyewe hakurudi.

Jumanne iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja. Mardhiya hakuweza kumwendea nyumbani, kwani muuguzi wa Jumanne akibisha hodi kwako, kijiji kimeshajibiwa. Akampigia simu.

"Dawa zimekwisha?"

"Zimekwisha, Da Mardhiya. Nilifikiri kuchukulia Kiuyu, kule hawanijui. Lakini Kiuyu ni mwisho wa kisiwa. Nikenda, siku imekufa, na watoto wanataka kula."

"Sasa usipomeza utakwisha wewe, Hafidh."

Hafidh akasema, "Nije vipi? Ninunue ndara mpya, wakishazizoea si yale yale?"

Mardhiya akakata simu akiwa na hasira, na hasira hiyo akaipeleka kwa Abdulsamad, daktari dhamana, msimamizi wa kituo. Alitaka siku zichanganywe, mlango wa pembeni ufungwe, dawa zote zitoke katika mfuko wa kaki wa namna moja, na kila mtu aingie na viatu vyake.

"Na matope?" Abdulsamad akasema. "Hiki kituo au zizi?"

"Na deki ataipiga nani?" Asya akadakia kutoka mlangoni. "Mgongo huu si wa serikali!"

"Nipe ndoo, n'tapiga mie," Mardhiya akamjibu. Kisha akamgeukia daktari. "Kabati tumelitia kufuli. Siri zenyewe zimelala nje, zimepangwa mbili mbili. Nenda kazitazame."

Ilikuwa Jumanne. Abdulsamad akatoka ili amnyamazishe tu. Akasimama mbele ya viatu vile. Hizi ndara za mwalimu. Haya makubadhi ya shemeji yake mwenyewe, wala hakuwa na habari. Aliporudi uso ulikuwa umembadilika. "Tuanze," akasema.

Kwa sheha, kiongozi wa kijiji, watu walipoitwa kuelezwa, aliyesimama kupinga ni Bi Siti. "Kumtazama mgonjwa ni ibada. Mkituficha, tutamtazama nani?"

Barazani watu wakaitikia, na Mardhiya akamkumbuka mama yake na ile kawa. "Mtazame, Bi Siti," akasema, "akikuita. Asiyekuita anakutaka umwombee dua bila kumtaja."

"Dua bila jina itafika?"

"Mungu hana haja ya kuonyeshwa viatu."

Watu wakacheka, na Bi Siti akakaa akinung'unika.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Wazee waligoma kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kama wanaoingizwa baharini. Sakafu ikawa shamba. Mardhiya alipima, akagawa dawa, akapiga deki, mpaka Asya akamnyang'anya ndoo. "Toka, hujui hata kukamua tambara! Kawatazame watu wako."

Mchana Bi Siti naye akaja kupimwa presha. Alitoka na mfuko wa kaki mkononi, akakuta jirani yake anamngoja.

"Umepewa nini, Bi Siti?"

Bi Siti akautia mfuko chini ya kanga, akaukumbatia. "Yangu haya!"

Benchi likaangua kicheko, watu wakajipiga mapaja. Bi Siti aliwatazama kwa ukali, halafu akacheka mwenyewe hadi machozi.

Katikati ya kicheko hicho aliketi Hafidh, baina ya mama mwenye mtoto na kijana aliyechomwa na mwiba wa samaki. Namba yake ikaitwa kama namba nyengine zote. Ndani, mlango ulipofungwa, alisema neno moja tu: "Nimekuja." Mardhiya akampa dawa zake. Hajakosa tena, na mwaka huu wenzake wa chomboni wanalalamika kwamba anawamalizia ugali.

Sasa Kiuyu wanamtaka Mardhiya akawapangie nao kituo chao hivyo hivyo. Gari ilipopiga honi alitoka na sanduku lake, na benchi lote likasimama.

"Da Mardhiya, kale kwao, lakini urudi!" akapiga kelele Asya.

Akampa mkono kila mtu, mmoja mmoja, na kila mmoja akampa maneno yale yale: "Haya, kwaheri, nisamehe nilipokukosea." Hakuna aliyekawizwa zaidi ya mwenzake. Mgeni, ambaye benchini alikuwa ameshaelezwa kwa nini viatu havivuliwi, alitazama nyuso kwa makini akitafuta ile ambayo muuguzi angeiangalia kwa jicho jengine. Hakuiona. Gari ikaondoka kuelekea kaskazini, Mardhiya akipunga mkono dirishani, akicheka kwa sauti.

Watu wakakaa tena. Mgeni naye akakaa kungoja namba yake.