Kisanduku cha Chiriku wa Baba

Baba yangu alifuga chiriku kule Litembo mpaka alipofariki, wale wadogo wenye mdomo mwekundu wanaozaliwa na kuzeekea ndani ya tundu. Matanga yalipoisha, ndugu zangu waligawana mashamba ya kahawa. Mimi niliomba jozi ya mwisho ya wale ndege, pamoja na kisanduku cha mbao cha kutagia alichokiunda kwa mkono wake. Walinicheka, wakanipa. Nikashuka navyo Kihagara, nilikoolewa.

Kazi ile niliijua. Ndege wakikaribia kutaga, baba alikiosha kisanduku kwa maji ya moto, akakianika, akatandika nyasi kavu laini, kisha manyoya ya kuku, tele. Mlango ulipitisha vidole viwili tu. Litembo mlimani, mwezi wa saba hata kuku mzima hujikunyata jikoni kwa baridi, sembuse kinda asiye na unyoya.

Nikafanya vivyo hivyo kando ya ziwa, mwezi wa kumi, joto likiwa kali, nikalitundika tundu chumbani chini ya bati. Mama mkwe alichungulia, akaguna.

"Mwanangu, hawa umewavalisha sweta. Watapumua wapi?"

"Ndivyo baba alivyofanya, mama," nilimjibu, kwa ukali ambao mpaka leo unanitia aibu.

Makinda wanne walianguliwa. Siku ya tatu, saa nane mchana, niliwakuta wote wamekufa, midomo wazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjikia mbele ya mama mkwe. Nililia sana, kuliko nilivyolia makaburini. Jike alikuwa ameshazeeka, sikujua kama angetaga tena. Wakiisha hawa, nilijiambia, na baba ameisha.

Mama mkwe hakunisimanga. Wiki chache baadaye, jike alipoanza tena kubeba nyasi, alikuja na koleo, limebana msumari wa inchi sita uliotoka kwenye makaa. Alitaka kutoboa vitobo vya hewa ubavuni mwa kisanduku. Nilikikumbatia. Nikamwambia baba hakuwahi kutoboa.

"Baba yako hakuwahi kulala Kihagara," akasema. "Angelala siku moja tu, angetoboa mwenyewe."

Nikakiachia, shingo upande. Kabla ya kugusisha msumari alikiinamia kile kisanduku kana kwamba mna mtu ndani. "Mkwe," akasema taratibu, "tuvumilie kidogo." Alitoboa vitobo sita. Tukapunguza manyoya, tukalihamishia tundu barazani, upande unaopata upepo wa ziwa.

Mayai yalikuwa matatu, na yote yalianguliwa. Siku ya tatu sikwenda popote. Ikapita. Ikapita ya nne, na ya kumi.

Asubuhi moja kinda akatoa kichwa mlangoni, ana manyoya, anapiga kelele za njaa. Nilikimbilia simu. Nilikuwa nimeshaifungua namba ya baba, kidole kiko juu yake, ndipo nikakumbuka.

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu yangu.

"Sasa nitamwambia nani?" nikamuuliza.

"Niambie mimi."

Tukakaa kwenye mkeka, nikamsimulia tangu siku ya kwanza, sweta, msumari na yote. Naye akawa anaitikia "ehee" kila nilipotua, kama mtu ambaye hakuwepo.