Mizani Sahihi

Niseme mapema nisije nikaonekana nazunguka: mizani niliichagua mimi, na mwenzangu hakuweza kuisoma. Hilo sikulijua wakati ule. Nilichojua ni kwamba nilikuwa sahihi, na mimi nikishakuwa sahihi huwa sisikii la mtu.

Kazi yetu ilikuwa kujaza risasi upya katika klabu moja ya kulenga shabaha nje ya Doha, upande wa Lusail, siku ambazo Lusail yenyewe ilikuwa bado kreni na vumbi. Wanachama waliolenga mbali hawakutaka risasi za dukani. Walitaka kila moja iwe na baruti ile ile, isizidi wala isipungue. Basi maganda yaliyokwisha kupigwa yaliletwa chumbani kwetu, tukayasafisha, tukayapimia baruti, tukayafunga. Baruti hupimwa kwa punje, na punje kumi na tano na ushei ndizo gramu moja. Ukipunguza, risasi inaanguka njiani. Ukizidisha, bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Mwenzangu alikuwa akisema, "Hapa kwetu haba na haba haijazi kibaba, yakhe. Inakipasua."

Yeye alikuwa mtu wa Unguja, kanizidi miaka kumi na mitano hivi, na ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi ni Mkenya wa bara. Niliingia Qatar kama askari wa getini, nikatolewa getini kwa sababu najua kuandika ripoti ya Kiingereza. Alikuwa akinicheka Kiswahili changu. "Nyinyi mnaongea kama mnabomoa nyumba," aliniambia wiki ya kwanza. Nami nikamjibu kwamba wao wanasalimiana mpaka chai inapoa. Na ilikuwa kweli bana. Nilibandika karatasi mlangoni, USISALIMIE, kwa sababu mtu akiingia na salamu hesabu inapotea, lakini yeye bado alijibu, kijiko cha baruti kikiwa hewani, za kwenu, za watoto, za safari. Alisema kutojibu salamu ni deni, na yeye hataki kufa nalo.

Alikuwa na binti chuoni Unguja, anasomea uuguzi, amebakiza miaka miwili. "Akivaa lile gauni jeupe, mimi narudi nyumbani nikalale," alikuwa akisema. Hakuwa na mpango mwingine. Na kazi yetu ilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: kila mwaka macho yanapimwa, na asiyeona vizuri haruhusiwi kushika baruti.

Mizani yetu ya zamani ilichakaa. Ukiweka jiwe lile lile mara mbili inakupa majibu mawili. Mudiri, meneja wetu wa klabu, Mqatari mpole asiyependa maneno mengi, akaleta mbili za kujaribu, akaziweka mezani. "Chagueni nyinyi," alisema. "Nyinyi ndio mtakaoitumia. Andikeni ripoti, mtie sahihi wote wawili."

Moja ilikuwa ya mkono: ufito wa chuma uliolala juu ya makali, kisahani upande mmoja, na ncha nyembamba kama sindano upande wa pili, inayopanda na kushuka mbele ya kistari cha sifuri. Ya pili ilikuwa ya umeme, na kioo chenye tarakimu nyekundu za taa, kubwa kama za saa ya msikitini.

Mwenzangu aliitaka ya taa siku ile ile. Nilishangaa, maana alikuwa amepima kwa mizani ya mkono tangu mimi niko shule. "Twende na hii yenye taa," akasema. Nikamwambia tungoje tuzijaribu. Kila asubuhi niliweka jiwe lile lile la mizani, kwanza huku, kisha kule. Ile ya umeme ilitaka kupashwa moto nusu saa kabla haijatulia. Kiyoyozi kikiwaka, tarakimu zinahama. Simu ikiwa karibu, zinahama. Siku za upepo mkavu wa jangwani, ukisugua tu kikombe cha plastiki, zinahama. Ya mkono ilitikiswa na kiyoyozi vilevile, lakini ukikizima inarudi pale pale, bila kubahatisha. Ilibidi tu uzime kiyoyozi mwezi wa Agosti, uiname mpaka jicho liwe usawa wa sindano, na uvumilie jasho.

"Hii yenye taa inatosha," alisema mara ya pili, siku ya tano. Nikamwonyesha daftari langu. Akalishika, akalitazama, akanirudishia.

Mara ya tatu tulikuwa mjini, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Ijumaa, tunakunywa chai ya maziwa nje ya mkahawa. "Yakhe," akasema polepole, "mimi napenda ile ya taa." Nami, ningekuwa na adabu ningemuuliza kwa nini. Badala yake nilimwambia mapenzi ni ya kwenye taarabu, huku ni vipimo. Akacheka. "Haya, umeshinda."

Nikaandika ripoti kurasa mbili, nzuri ajabu, hata mimi mwenyewe niliipenda. Yeye akatia sahihi pale mezani, haraka haraka, na mizani ya mkono ikabaki.

Wiki hiyo hiyo akaleta utaratibu mpya. Mmoja anamimina, mwingine anasoma kwa sauti. "Soma nisikie," alikuwa akisema, na mimi nainama, nasema, "Bado... bado... iko." Akisikia "iko," anamimina kwenye ganda. Nikaona ni busara ya mtu mzima, macho manne yazidi mawili. Hata nilimsifia kwa mudiri. Tulikwenda hivyo zaidi ya nusu mwaka, na ule ubishi wa mizani nikausahau kabisa.

Siku moja nikamfanyia utani. Tulikuwa tumeanza na masihara tangu kwenye basi la asubuhi kutoka Muaither tulikokaa, na nilitaka kumkamata. Akamimina baruti, ikazidi waziwazi, sindano ikapanda juu kabisa ya kistari ikagonga kizuizi. Ng'ombe angeiona. Nikasema, "Iko." Nikangoja anitukane.

Akachukua kisahani, akamimina kwenye ganda, akasema, "Lete lingine."

Nilimshika mkono. Nikalichukua lile ganda, nikaimwaga baruti.

"Huioni?" nikamuuliza.

"Sindano siioni," akasema. "Naona ukungu tu. Tangu kabla ya mizani hii."

"Na kupimwa macho je?"

"Nilikaa nyuma ya foleni nikasikiliza wenzangu wakisoma zile herufi. Nikazishika kichwani."

Nilikasirika, nisidanganye. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa hakitamuumbua yeye, kitamuumbua mtu wa watu aliyelaza shavu kwenye bunduki. Nilisema kwa sauti kubwa na nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Kweli," akasema. "Lakini nilikwambia, yakhe. Ile ya taa nilikuwa naiona. Mara tatu nilikwambia."

Akaniuliza kama nitamwambia mudiri. Nikasema asipokwenda yeye, nitakwenda mimi. Alivaa viatu vyake, akaenda mwenyewe. Kabla hajatoka alisimama mlangoni akanitakia mchana mwema, na mimi sikumjibu.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hilo linatibika. Lakini kibali cha kushika baruti kilifutwa, na bila kibali hakukuwa na kazi. Mwezi haukuisha akaondoka. Binti alikuwa amebakiza mwaka mmoja na kitu. Nilimpigia simu baadaye kumwomba radhi, akasema yamekwisha, akaniuliza habari za mizani. Nikamwambia haijambo. Habari za chuo cha binti sikuuliza. Niliogopa jibu.

Mudiri aliniagiza nitoe ile ripoti kwenye jalada niongeze maelezo ya yaliyotokea. Sikuwa nimeifungua tangu siku tuliyoitia sahihi. Ukurasa wa mwisho, chini, nilikuwa nimechora mistari miwili ya sahihi. Wa kwanza una sahihi yangu, imekaa sawasawa. Wa pili ni mtupu. Sahihi yake ipo vidole vitatu juu ya mstari huo, imekatiza katikati ya maandishi yangu, juu ya sentensi niliyoiandika kwa mkono wangu: wapimaji wote wawili wanaisoma mizani hii bila shida.