Tatu Isiyo na Jibu

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha hesabu, na ndiye aliyenichimbia shimo. Nasema wazi, mimi si mtu wa kumung'unya maneno.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu nje ya Kitale, ambako baba alilima kwa plau ya ng'ombe. Kaka alisoma sekondari kule Bungoma. Mimi nilikuwa nimekubaliwa chuo cha ualimu. Baba, ambaye hakujua kusoma, akasema kaka anipime kwanza likizoni. Nikishindwa nibaki nyumbani.

"Usiogope, dada," kaka aliniambia tukikama. "Nitakuuliza tu yale tumesoma."

Siku yenyewe akaandika kwa chaki mlangoni: sita juu ya mstari, x toa tatu chini yake. Nikajaza jedwali la x na majibu yake mbele ya baba. Kwa mbili nilipata hasi sita, kwa nne nikapata sita. Kwa tatu, chini palibaki sifuri, na sita haikugawanyika. Nikapaacha wazi.

"Jaza basi," kaka akasema. "Si kila namba iko na jibu yake?"

Nilimwamini. Katikati ya hasi sita na sita nikaandika sifuri, nikachora mchoro na kuunganisha nukta zote kwa mstari mmoja.

"Umeona, baba? Hajui."

Juma hilohilo baba alituma neno chuoni kwamba siendi.

Wakati wa palizi, kaka akiwa shuleni, nilitafuta karatasi ya kuwashia moto nikapata daftari lake kuukuu la muhula uliotangulia likizo ile. Jedwali lilikuwa lilelile. Chini ya tatu naye aliandika sifuri, akaunganisha nukta kama mimi. Mwalimu wake aliikata kwa wino mwekundu: hapa hakuna jibu, acha wazi.

Nikajaribu mwenyewe. Tatu na sehemu moja ya kumi ilinipa sitini. Nikaisogelea tatu zaidi, nikapata mia sita. Mchoro ungepanda hivyo daima bila kuigusa tatu. Niliuelewa mtego wa kaka kabla chai haijachemka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hizo nguo mimi ndiye niliyemfulia. Nililia kwa hasira.

Nikampelekea baba daftari. Hakusoma, lakini wino mwekundu aliuona.

"Hii makosa ni ya nani?"

"Ya kaka. Aliijua kabla ya kunipima."

Akaligeuzageuza daftari, kisha akanirudishia.

"Usimwambie nimeona," akasema. "Ako na mtihani."