Oveni ya Mama Mikate

Wapo watu ambao hawaamini mpaka waguse, na mkaguzi wa kampuni ile ya fedha alikuwa mmoja wao. Kwa miaka kumi na tisa alilipwa kushika vitu: cherehani, friji, mashine za kusaga. Kampuni ilijisifu kwamba haili riba. Mteja akitaka kitu, kampuni inakinunua kwanza, inakipokea mkononi, kisha inamwuzia kwa faida iliyotajwa, naye analipa kidogo kidogo. Kikiharibika kabla hajauziwa, hasara ni ya kampuni. Anayetaka faida lazima abebe hatari yake. Bila hivyo, ni riba iliyovaa kanzu. Kwa hiyo mkaguzi aliweka mkono juu ya kitu, akaandika saa, akatia sahihi. Wenzake walimwita Gusagusa, naye hakununa.

Zamani wakurugenzi wenyewe walifuatana naye hadi ghalani, na muuzaji alitaja kasoro ya bidhaa yake kabla hujamuuliza. Siku hizi ukutani pana maandishi ya dhahabu kuhusu uaminifu, na chini yake mtu anauza asichokiona.

Alhamisi moja, saa nane mchana, meneja alimsukumia karatasi.

"Oveni ya Mama Mikate. Tia sahihi. Andika saa nne asubuhi."

"Saa nne nilikuwa kwenye friji za bucha. Hiyo oveni sijaiona hata kivuli."

"Muuzaji keshalipwa. Mama naye keshatia sahihi ya kununua, tangu saa tano. Imebaki yako tu."

"Mmemwuzia kabla ya kuipokea?"

"Mzee wangu, makusudio ya sharia ni kuwaondolea watu dhiki. Yule mama ana dhiki. Wewe unamwongezea."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana lilimchoma. Gusagusa hakusoma chuo. Makusudio hayo aliyapata kwenye darasa za msikitini na vitabu vya kuazima: kulinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Hakuona mahali palipoandikwa kulinda hesabu za meneja.

Mama Mikate, mjane, alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. Oveni yake ilikuwa imekufa wiki iliyopita. Kesho asubuhi shule ya bweni ilingoja mikate mia tatu. Akikosa, tenda inakwenda kwa mwingine.

"Baba, kwani wewe ndiye utakayeoka?" alisema. "Saini, nikakande unga."

"Twende tukaione, binti yangu. Ni mtaa wa pili tu."

"Haya, twende ukaipapase. Labda itakuzalia mikate."

Walikwenda watatu, meneja akitangulia kama anayefukuzwa. Dukani oveni iling'aa, nailoni bado mwilini.

"Mpya, haijawahi kuwashwa," alisema muuzaji.

Gusagusa aliomba mtungi wa gesi na maji ya sabuni. Aliunganisha, akafungua gesi kidogo, akapaka povu kwenye bomba la nyuma. Wote wakainama. Karibu na kiungo, povu lilivimba kama shavu la mpiga zumari, likapasuka, likavimba tena. Akafunga gesi upesi.

"Nati imelegea," meneja alisema.

"Bomba limepasuka."

Muuzaji aliangalia viatu vyake. Bomba jipya lingechukua siku tatu kufika.

Meneja alimvuta pembeni. "Ukiandika saa nne, tuliipokea nzima, ikaharibika ikiwa mali yake. Ukiandika saa hii, ni yetu na ubovu wake. Mkataba wako unakwisha mwisho wa mwezi, unakumbuka?"

Alikumbuka. Alikumbuka pia sindano za sukari za mkewe, mbili kwa siku. Mama Mikate alikuwa amesogea, ameyasikia yote.

Gusagusa akaandika: *Saa tisa na robo. Imepokelewa na kampuni. Bomba la gesi limepasuka. Mauzo ya saa tano si mauzo.*

Meneja alisoma, akaikunja karatasi. "Kesho usije."

Nje, jua lilikuwa kali. Gusagusa alitazamia neno la shukrani. Kosa la wazee hilo.

"Umeniokoa nisiungue, sawa," alisema Mama Mikate. "Na tenda? Watoto wangu watakula bomba?"

Gusagusa aliilinda sharia, nafsi na mali pia, lakini mikate mia tatu haikuwapo.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kampuni nyingine, yenye bango kubwa zaidi: *Halali ndani ya saa moja*. Mama Mikate aliliangalia.

"Hawa wanakagua?"

"Hawakagui."

Alikaza mkoba kwapani, akaanza kuvuka.

"Binti yangu! Uone kitu kwanza, ndipo utie sahihi!"

Hakugeuka. Aliinua mkono tu, na lori likapita kati yao.