Upande wa Pili wa Mkonge

Juzi, nikitoka sokoni Tororo, niliona magugu yamelisonga shamba la wimbi, yaani ulezi, la Mama Apio, jirani tusiyesalimiana naye. Anaugua. Harufu ya majani yale ilinirudisha kijijini Kwapa, mchana mmoja wa utoto wangu nilipokuwa nikipalilia na mama.

Mpaka wetu na mzee Okware ulikuwa safu ya mkonge. Mzee huyo alikuwa amemshtaki mama mbele ya ukoo kwa ajili ya mpaka huohuo, kisha akavunjika mguu. Mama alipomaliza mstari wetu wa mwisho, alijipenyeza katikati ya mkonge akaendelea kulima.

“Mama, umepotea! Huko si kwetu!”

“Najua ni kwa nani. Kanisani nilimwombea, lakini maombi hayang'oi magugu. Leta jembe lako.”

Nilidhani tunaiba shamba. Nikangoja Okware atoke na fimbo. Alitoka nayo kweli, akaiegemea, akatutazama hadi tukamaliza. Hakushukuru. Mama hakungoja shukrani.

Leo asubuhi nimevuka kwa Mama Apio. Binti yangu akapiga kelele kwamba nimepotea.

“Leta jembe lako,” nikamwambia.